Wanafunzi 48, vipindi viwili kwa wiki na igizo la siku ya wazazi

SWALI

Ndugu washauri, salaam.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Mwaka huu mkuu wa shule amenikabidhi darasa la sanaa la Kidato cha Tatu: wanafunzi 48, Jumatano na Ijumaa, dakika 80 kila siku. Jumatano nafundisha kuchora, Ijumaa maigizo. Chumba cha sanaa hatuna. Tunatumia darasa la kawaida na kiwanja kilicho nyuma ya bwalo, na fedha ya vifaa ni ya kuhesabu.

Kwenye kuchora, wanafunzi wanakuja na picha za wachezaji mpira na waimbaji zilizochapwa stesheneri, wanazinakili mstari kwa mstari. Nikiwaambia wamchore mwenzao, macho yanapanda hadi kwenye nywele, na uso unapakwa penseli mpaka unakuwa mweusi tii, hauna pua wala mdomo. Muhula uliopita tulitengeneza vinyago vya karatasi kwa puto na gundi ya unga. Nusu viliota ukungu kabatini, na tulivyovianika juani vikajikunja. Siku ya kuonyesha igizo, waigizaji walijipanga mstari mmoja kama wako paredi na hawakusikika zaidi ya safu ya tatu.

Zimebaki wiki 10 kabla ya siku ya wazazi. Halafu wapo wanafunzi wawili wanaotaka kuendelea na sanaa baada ya Kidato cha Nne, na mzazi wa mmoja amenifuata akisema ninampotezea mtoto muda. Nianzie wapi?

Mwalimu, Iringa

JIBU

Mwalimu, salaam, na pole kwa kazi.

Anza kwa kuvunja huo mgawanyo wa Jumatano na Ijumaa. Sehemu kubwa ya matatizo uliyoyataja inatokana nao. Siku ya kuchora una wachoraji 48 wasio na mtu wa kumchora, ndiyo maana wanakimbilia picha za stesheneri. Siku ya maigizo una waigizaji 48 ambao 40 kati yao wamekaa wakisubiri zamu. Waweke pamoja: nusu ya darasa ifanye mazoezi ya igizo na nusu nyingine iwachore wakifanya hivyo, kisha wabadilishane. Fanya hivi siku zote mbili za wiki.

Gawa darasa katika Kundi A na Kundi B, wanafunzi 24 kila moja, na ndani ya kila kundi vikosi vitatu vya watu wanane. Dakika 8 za kwanza ni za wote: kupanga mahali na kupasha sauti. Dakika 30 Kundi A wanachora, Kundi B wanaigiza. Dakika 3 za kubadilishana, dakika 30 nyingine kinyume chake, na dakika 9 za mwisho michoro inabanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo na wote wanaitazama. Katika zile dakika 30 kila kikosi kinapata dakika 10 mbele ya wachoraji. Vikosi viwili vinavyosubiri vinakariri maneno au vinashughulikia vinyago, umbali wa kutosha ili wasipigiane kelele.

Utaona kwamba sasa unahitaji vibao vya kuchorea 24 tu. Karatasi moja ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vibao 12 vya takriban sentimita 61 kwa 40: gawa urefu vipande vinne, upana vipande vitatu. Karatasi mbili zinatosha. Piga msasa kingo zote, maana hadibodi iliyokatwa kwa msumeno inachana mapaja na sketi. Hiki ndicho kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya rangi na kabla ya brashi. Bila kibao hakuna kuchora nje, na darasa lako linapaswa kuwa nje, kwenye kivuli cha jengo. Epuka chini ya mti, kwa sababu mabaka ya jua yanayopenya majanini yanavuruga umbo la uso. Epuka pia kuweka karatasi juani, kwani weupe wake unaumiza macho na mchoraji anaishia kuchora kwa giza kuliko anavyodhani.

Panga wachoraji nusu duara kuwazunguka waigizaji: 11 mbele, wamekaa chini, mita tatu na nusu hivi kutoka katikati, na 13 nyuma yao kwenye mabenchi, mita nne na nusu. Ukiwasogeza karibu zaidi ya hapo hawataweza kuuona mwili mzima bila kupandisha na kushusha kichwa, na mchoro utatoka na kichwa kikubwa na miguu iliyosinyaa.

Sasa kazi yenyewe. Mwongozaji wa kikosi (mwanafunzi, si wewe) anapiga kofi katikati ya tukio na waigizaji wote wanaganda walivyo. Wachoraji wanachora. Kofi la pili, igizo linaendelea pale lilipokatika. Wiki ya kwanza ganda sekunde 30 na dakika 1 tu. Wiki ya pili ongeza dakika 2. Kuanzia wiki ya tatu, mara moja kwa kila kikosi, ganda dakika 5 huku waigizaji wakiwa wamekaa au wameegemea kitu. Mkono ulioinuliwa juu ya bega usizidi dakika moja. Waambie waigizaji wasikaze magoti: mtu aliyesimama kwa muda mrefu magoti yamekazwa anaweza kuzimia, hasa kukiwa na joto au kama hakunywa chai asubuhi.

Kuganda huku kunamaliza tatizo la paredi bila hotuba. Mchoraji anayeona mgongo wa mwigizaji anayezungumza anainua mkono. Wakiinua watatu au wanne wa upande mmoja, nafasi imekosewa na kikosi kinajipanga upya papo hapo. Waigizaji watagundua wenyewe kanuni ambazo zingekugharimu vipindi vitatu ubaoni: anayezungumza asigeuke kumkabili mwenzake kabisa bali abaki nusu kwake na nusu kwa watazamaji, watu watatu wanapendeza wakiwa pembetatu, na mmoja akikaa na mwingine akisimama, hata mtazamaji aliye mbali anajua nani ana nguvu katika tukio lile. Mstari mmoja unatokea kwa sababu kila mtu anaogopa kumziba mwenzake. Ukiwapa njia ya kuangalia kama wanazibana kweli, woga huo unaisha.

Michoro ya sekunde 30 itakuwa mibaya, na ni sawa. Kusudi lake ni kumnyima mwanafunzi nafasi ya kuanzia na kope. Mwambie atafute mstari mmoja mrefu kutoka kisogoni hadi kwenye kisigino kinachobeba uzito, kisha mstari wa mabega, kisha wa nyonga. Mtu aliyesimama na uzito kwenye mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huo kwa kawaida hushuka. Wengi watachora mistari hiyo miwili sambamba, na ndiyo sababu watu wao wanafanana na nguzo.

Kwa penseli ya kupimia: mkono unyooshwe kabisa, kiwiko kimekazwa, jicho moja limefungwa, ncha ya penseli utosini na kidole gumba kidevuni. Kipimo hicho cha kichwa ndicho cha kuhesabia mwili. Mtu mzima aliyesimama ana takriban vichwa saba na nusu. Kosa la kawaida ni kukunja kiwiko katikati ya kupima. Kipimo cha kwanza kinachukuliwa mkono ukiwa mrefu, cha pili mkono ukiwa mfupi, na hesabu inakataa.

Macho yaliyopanda hadi kwenye nywele yana sababu yake. Tunapomtazama mtu tunatazama macho na mdomo. Paji la uso na utosi havina habari ya kutupa, kwa hiyo mkono unavifupisha. Usiwaambie, wapime. Wakae wawili wawili, kila mmoja achukue ukanda wa karatasi, apime mwenzake kutoka kidevuni hadi kwenye pembe ya jicho, kisha kutoka pembe ya jicho hadi utosini. Nywele fupi za shule zinarahisisha kazi. Vipimo viwili vitakaribia kulingana kabisa. Baada ya hapo wapime upana: kichwa kikitazamwa kwa mbele kina upana wa takriban macho matano, na kati ya macho mawili inaingia nafasi ya jicho moja. Sikio linaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Kumbusha tu kwamba vipimo hivi ni vya kichwa kilichonyooka. Kichwa kikiinama, utosi unaonekana mkubwa na uso unajibana chini, hivyo mwanafunzi aliyekariri nusu kwa nusu atakosea tena.

Hizo picha za stesheneri usizipige marufuku, zionyeshe udhaifu wake. Picha iliyopigwa kwa simu umbali wa mkono hukuza pua na kufinya masikio, na anayeinakili ananakili kosa la kamera. Mwanafunzi aking'ang'ana na picha yake, mwambie aigeuze juu chini na kuichora hivyo hivyo. Atalazimika kutazama maumbo badala ya "jicho" na "mdomo", na mara nyingi mchoro huo utaushinda ule wa kawaida kwa ubora.

Tuje kwenye nyuso nyeusi tii. Kosa hapa ni kudhani kwamba rangi ya ngozi ndiyo kivuli. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao unaonekana wazi zaidi kuliko kwenye nyeupe: kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye ncha ya pua, juu ya mdomo wa chini. Mng'ao huo ndio unaotuambia umbo. Mwanafunzi anayepaka penseli kila mahali anaufuta. Penseli ya HB pia inamponza, maana ukiibonyeza sana haileti weusi, inaleta kijivu kinachometameta.

Badilisha karatasi na kifaa. Nunua karatasi za kaki zile za kufungia vitu, kubwa, ukate vipande vya sentimita 30 kwa 42. Mpe kila mmoja mkaa wa kuchorea na kipande cha chaki nyeupe ya ubaoni. Kaki yenyewe ndiyo rangi ya kati ya ngozi, mkaa ni kwa kivuli, chaki ni kwa mng'ao tu. Kanuni ni moja: chaki na mkaa visikutane. Vikigusana vinatoa kijivu cha majivu na uso unaonekana mgonjwa. Kati yake iachwe kaki tupu. Ukiwakalisha wanamitindo wako dirisha au upande wazi ukiwa kushoto au kulia kwao, mwanga utatoka upande mmoja na kazi itakuwa rahisi zaidi. Saa sita mchana nje macho yote yanakuwa mashimo.

Mkaa wenyewe mtengeneze. Chukua vijiti vilivyonyooka, unene wa penseli, vya mti laini usio na utomvu mwingi (msonobari haufai kwa sababu ya ulimbo). Menya maganda yote, kausha wiki moja. Vipange vimebanana kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, kopo la maziwa ya unga linafaa, na toboa tundu moja la msumari kwenye kifuniko. Weka kopo ndani ya moto wa kuni. Moshi utatoka tunduni, baadaye unaweza hata kuwaka. Ukikoma, kwa kawaida kati ya dakika 40 na saa moja, ondoa kopo motoni, ziba tundu kwa udongo mbichi, na usilifungue hadi kesho yake. Kulifungua likiwa la moto ni kuruhusu hewa iingie, na mkaa wote unageuka majivu mbele ya macho yako. Vijiti vilivyobaki kahawia katikati havikuiva. Vinakwaruza karatasi, virudishe. Mchoro uliokamilika upulizie spreyi ya nywele kutoka sentimita 30, mara mbili nyepesi, nje ya darasa. Ukipuliza mara moja nzito, matone yanaacha madoa.

Rangi tuziweke kando muhula huu, isipokuwa kwenye vinyago. Na akitokea mtu wa kukuambia kwamba sanaa ya kweli inahitaji turubai na rangi za kutoka nje, mkumbushe kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya dukani.

Vinyago vyenu viliharibika kwa sababu tatu tofauti, na puto ni mojawapo. Puto halina umbo la uso, halafu linapungua hewa kabla karatasi haijakauka, likivuta ukuta wa kinyago ndani. Tumieni udongo wa mfinyanzi. Juu ya kibao, finyangeni umbo la uso urefu wa sentimita 18 hivi na upana wa 17, pua na mifupa ya mashavu ikikuzwa kuliko kawaida, kwa sababu tabaka za karatasi zitalainisha kila kitu. Udongo ukishakuwa mgumu kidogo, upake mafuta ya mgando au ufunike na mfuko mwembamba wa plastiki ili karatasi isishike.

Urefu huo wa 18 una maana yake: tengenezeni kinyago cha nusu uso, kinachoishia juu ya mdomo wa juu. Kinyago cha uso mzima kinameza sauti, na ninyi tayari mna ugomvi na sauti.

Gundi: kikombe kimoja cha unga wa muhogo au wa ngano kikorogwe na kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kimiminwe kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, kikorogwe dakika tatu hadi uji ung'ae. Ongeza kijiko kikubwa cha chumvi kupunguza ukungu. Uwe mwepesi wa kudondoka kutoka kwenye kijiko. Nadhani yenu ilikuwa nzito kama ugali, na gundi nzito inafungia maji kati ya tabaka: nje pakavu, ndani pabichi, na kabatini ukungu unasherehekea. Pika ya siku hiyo tu.

Karatasi za gazeti zichanwe kwa mkono vipande vya upana wa sentimita 2 hadi 3. Zikikatwa kwa mkasi, kingo zake kali zinaonekana hadi chini ya rangi. Tabaka la kwanza gazeti, la pili kaki, la tatu gazeti, ili kila mtu aone ni wapi tabaka limekamilika na wapi pameachwa wazi. Mabega ya pua na ukingo wa chini ndipo watu hupasahau, na ndipo kinyago kinapovunjika. Fanyeni tabaka tatu Ijumaa, zikauke kivulini penye upepo hadi Jumatano, tatu nyingine Jumatano, zikauke hadi Ijumaa zikiwa bado juu ya udongo. Jua kali linakausha uso wa nje haraka kuliko wa ndani, upande mmoja unajivuta, kinyago kinajikunja. Kitolewe kwenye udongo kikiwa kimekauka kabisa. Ukikigusisha shavuni ukahisi baridi, bado kina maji.

Matundu ya macho yapimwe kwa mvaaji: kati ya mboni na mboni kwa watu wengi ni sentimita 6 na kidogo. Yafungueni kwa upana wa sentimita 2.5, yapanuliwe kwa ndani zaidi kuliko kwa nje, mwigizaji aone miguu yake anapotembea. Tundu la lastiki liwe usawa wa pembe ya jicho, na lastiki ipite juu ya sikio. Likiwa chini ya hapo kinyago kinapanda kila anapozungumza. Pakeni ndani na nje rangi nyeupe ya maji ya ukutani, kisha rangi nyingine juu yake, zisizong'aa. Rangi ya mafuta inanuka mbele ya pua ya mtoto kwa nusu saa, na mng'ao wake unaficha umbo.

Wanafunzi wa Kusini watataja mapiko, vile vinyago vya ngoma vya Wamakonde. Wacha wayachunguze jinsi yanavyobeba sura ya mtu fulani hasa, lakini msiyanakili kwa igizo la shule. Yana mahali pake katika jando na unyago, na mzazi wa Mtwara aliyeko kwenye viti anaweza asifurahi.

Vinyago vingapi? Hapa ndipo hesabu ya igizo inapoingia. Vikosi sita vikileta maigizo sita ya dakika 12, wazazi wataondoka kwenda kula. Tengenezeni hadithi moja yenye sehemu sita, kila kikosi sehemu moja ya dakika 5, jumla nusu saa. Wahusika wakuu wasizidi sita, na kila mmoja ana kinyago chake kinachopokezwa kutoka kikosi hadi kikosi nyuma ya pazia. Mwigizaji anabadilika, kinyago hakibadiliki, na mtazamaji hapotei. Kwa hiyo mnahitaji vinyago sita na sita vya akiba: viwili kwa kila kikosi, wanafunzi wanne kwa kinyago. Ndani vishonewe kitambaa cha pamba na vifutwe kwa spiriti kati ya mvaaji na mvaaji. Wahusika wengine wasivae kitu usoni.

Maneno ya kila sehemu yasizidi 450 hivi. Kwenye karatasi itaonekana fupi mno. Jukwaani, pamoja na kutembea, kunyamaza na kicheko cha watazamaji, itajaa. Msianze na maandishi. Wiki mbili za kwanza vikosi vijaribu tukio kwa maneno ya papo hapo, na mwandishi mmoja wa kikosi aandike yale yanayobaki midomoni. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, kazi ya kusafisha mazungumzo utaiweza usingizini. Mwisho wa wiki ya tano maneno yawe kichwani na karatasi zikusanywe. Mwigizaji mwenye karatasi mkononi hajaanza mazoezi.

Sauti. Kutosikika kwao huenda si suala la nguvu ya mapafu. Neno la Kiswahili linapigiwa mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na mwigizaji mwenye woga anaiachia silabi ya mwisho ianguke pamoja na pumzi. Tatizo ni kwamba maana nyingi zinakaa palepale: mtazamaji wa safu ya tano hajui kama mtu "amependa" au "amependwa", "anapiga" au "anapigwa". Ukiwaambia "pazeni sauti" watapiga kelele kooni, mkazo utazidi, silabi ya mwisho itapotea vilevile, na kufikia Ijumaa wamepoteza sauti.

Katika zile dakika 8 za mwanzo wafanye hivi. Kiganja juu ya kitovu, wavute pumzi kwa kuhesabu nne hadi tumbo lisukume kiganja, mabega yasipande; waitoe kwa "sss" ya sekunde 15, wiki zinazofuata 20, kisha 25. Watetemeshe midomo kama dereva anayewasha gari. Halafu kitanza ulimi, polepole kisha haraka: "Wale wari wa liwali hawali wali wao." Anayekimeza kiishio anarudia. Baada ya hapo mazungumzo ya igizo yasemwe mara moja kwa kunong'ona kwa nguvu, ambapo konsonanti na viishio vinalazimika kufanya kazi bila msaada wa sauti. Usizidishe dakika moja, kunong'ona kwa nguvu kunachosha koo.

Kipimo ni hiki: mwanafunzi mmoja asimame mita 20 mbali, mgongo kuelekea jukwaa, ainue mkono kila neno linapompita. Asiwe wa kikosi kile kile, maana anayeyajua maneno anayasikia hata yasiposemwa. Na siku yenyewe kataeni maikrofoni ya mkononi. Igizo linageuka foleni ya kupokezana kipaza sauti na kila mwigizaji anapoteza mkono mmoja. Kama shule ina maikrofoni mbili zenye stendi, ziwekwe chini mbele ya jukwaa, pande mbili. Vinginevyo sogezeni viti. Nusu duara ileile ya wachoraji, ikipanuliwa, ndiyo jukwaa lenu, na waigizaji wameshaizoea.

Wiki 10 zigawe hivi: vinyago vianze kufinyangwa wiki ya tatu na viwe vimepakwa rangi wiki ya sita, kwa sababu kucheza na kinyago ni jambo la kujifunza upya. Kichwa ndicho kinachozungumza. Mwigizaji anayegeuza macho tu bila kugeuza kichwa haonekani kufanya kitu. Wiki ya saba na ya nane, vikosi vyote kwa mpangilio, kushikizana sehemu. Wiki ya tisa maleba (mavazi ya igizo) na kupokezana vinyago huku mkipima muda. Hapo ndipo utagundua kwamba mtu mmoja anahitajika nyuma ya pazia mwenye kazi ya kupokea na kukabidhi tu. Michoro bora 30 ibanwe kwenye kamba njiani kuelekea viti. Wazazi watakuwa wameshawaona wahusika kabla igizo halijaanza.

Kuhusu wale wawili. Mzazi ana hoja, lakini hoja yake inajibiwa kwa karatasi. Mwonyeshe mahali pa kwenda. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo ilianza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, inatoa astashahada na stashahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada za sanaa hizi. Sifa za kujiunga ziangalieni pamoja, wewe, mzazi na mtoto, katika mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, kwa astashahada na stashahada, na wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa shahada. Mzazi ataona kwa macho yake kwamba vyuo vinauliza ufaulu wa masomo mengine pia, na mtoto naye ataona hivyo hivyo, jambo ambalo kwa umri ule linahitaji kusemwa na mtu mwingine asiye mama yake.

Kwa upande wako, waanzishie jalada la kazi zao sasa, wasingoje Kidato cha Nne. Kazi 12 hadi 15 kila mmoja: nyingi zichorwe kwa kutazama watu na vitu halisi, mbili au tatu zionyeshe hatua za kinyago kutoka mchoro hadi jukwaani. Ile michoro michafu ya dakika 2 isitupwe, anayejua kuchora huitazama hiyo kwanza. Kazi zipigwe picha kivulini nje, saa tatu au saa kumi, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi ili pembe nne zisipinde. Nyuma ya kila moja iandikwe jina, tarehe, kifaa kilichotumika na muda wa kuganda: "mkaa na chaki kwenye kaki, dakika 5". Jalada lihifadhiwe limelazwa, karatasi ya gazeti safi kati ya mchoro na mchoro, na kwa hali ya Iringa wakati wa mvua, juu ya kabati badala ya sakafuni.